Kupanga Upya Vidole vya Kordi za Gitaa Kulingana na Mkono Wako: Mwongozo Kamili

Wanafunzi wengi wa gitaa hukwama mahali pamoja. Huwa wameshazoea kordi za mwanzo, yaani Em, Am, C na G, kisha wanafika kwenye F na safari inasimama. Wanatazama mchoro, wanaweka kila kidole pale mchoro unapoelekeza, wanabana hadi mkono unatetemeka, na bado nyuzi mbili au tatu hazitoi sauti. Baada ya wiki kadhaa za jitihada za namna hiyo, wengi huamua kwamba mikono yao haikuumbwa kwa ajili ya chombo hiki.

Uamuzi huo si sahihi. Mchoro wa kordi huonyesha mahali nyuzi zinapobanwa, na namba za vidole zinazoandikwa juu yake ni pendekezo lililotokana na mkono ambao huenda haufanani na wako hata kidogo. Kordi ni mkusanyiko wa noti, na gitaa lina njia nyingi za kuzipata noti zilezile. Kazi ya mwanafunzi ni kujua noti zipi hazina budi kusikika, kisha kutafuta vidole vyake mwenyewe vinavyoweza kuzifikia bila kuumia.

Katika mwongozo huu kordi zimeandikwa kwa alama sita, zikisomwa kuanzia uzi wa 6 (mnene) hadi uzi wa 1 (mwembamba). Tarakimu ni namba ya freti (vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), 0 ni uzi unaopigwa ukiwa wazi, na X ni uzi usiopigwa. Kwa hiyo C ya kawaida ni X32010. Maelezo yote yanahusu mkono unaobana nyuzi, ambao kwa wapigaji wengi ni wa kushoto. Anayetumia gitaa la mkono wa kushoto ageuze tu upande.

## Mahitaji

Andaa gitaa lililotuniwa kwa mpangilio wa kawaida (E, A, D, G, B, E), kifaa au programu ya kutuni, kapo (kibanio kinachofungwa shingoni ili kubana nyuzi zote kwa pamoja), rula yenye milimita, kalamu na karatasi, kikata kucha, na kiti kisicho na sehemu ya kuwekea mikono. Ukiwa na mkanda wa gitaa au kibao kidogo cha kukanyagia, kazi itakuwa nyepesi zaidi. Simu yenye kamera itakusaidia kuuona mkono wako kwa mbele, pembe ambayo macho yako hayaifikii unapopiga.

Kata kucha za mkono unaobana nyuzi kabla ya kuanza. Kucha ikigusa ubao wa shingo kabla ya nyama ya kidole, hakuna mpangilio wa vidole utakaokusaidia.

## Hatua ya 1: Kagua gitaa kabla ya kuulaumu mkono

Sehemu kubwa ya malalamiko kuhusu vidole dhaifu hutokana na gitaa lenye nyuzi zilizokaa juu mno. Anza na kizingiti, yaani kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mikato ya kupitishia nyuzi, kilichopo shingo inapokutana na kichwa cha gitaa. Bana uzi wa 6 kati ya freti ya 2 na ya 3, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi huo na freti ya 1. Nafasi hiyo inapaswa kuwa ndogo sana, kiasi cha unene wa karatasi. Ukiona pengo la wazi, mikato ya kizingiti haijashuka vya kutosha, na kordi zote za freti ya 1, F ikiwa ya kwanza, zitakuwa ngumu kupita kiasi kwa mtu yeyote.

Halafu pima urefu kati ya uzi na kilele cha freti ya 12. Kwa gitaa la nyuzi za chuma, milimita 2.5 hivi kwa uzi wa 6 na milimita 2 kwa uzi wa 1 ni vipimo vinavyofaa. Kwa gitaa la nyuzi za nailoni, takriban milimita 4 na 3. Vipimo vikizidi sana, mpelekee fundi wa magitaa. Usichimbe mikato ya kizingiti mwenyewe, kwa sababu ukipitiliza kidogo tu uzi utaanza kukwaruza kwenye freti na kizingiti kitahitaji kubadilishwa.

Fikiria pia unene wa nyuzi. Seti za chuma hutajwa kwa unene wa uzi wa 1, na kuhama kutoka seti ya inchi 0.012 hadi ya inchi 0.010 hupunguza nguvu ya kubana kwa kiasi kinachohisika mara moja. Njia nyingine ni kulegeza nyuzi zote kwa nusu toni, yaani kiasi cha freti moja, na kufunga kapo kwenye freti ya 1: sauti hubaki ileile, mvutano wa nyuzi hupungua, na kizingiti kibaya kinawekwa kando kwa sababu kapo ndiyo inayofanya kazi yake.

Dalili ya mafanikio: ukibana uzi wowote kwenye freti ya 1 kwa kidole kimoja, karibu kabisa na freti, sauti inatoka safi bila kukaza kiganja.

## Hatua ya 2: Ufahamu mkono wako

Weka kidole cha shahada kwenye uzi wa 3 karibu na freti ya 1, upande wa kichwa cha gitaa, kisha nyoosha kidole kidogo hadi freti ya 4 kwenye uzi huohuo. Katika gitaa ambalo urefu wa uzi kutoka kizingiti hadi daraja (pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa) ni milimita 650, freti hizo mbili zimeachana kwa takriban milimita 98. Rudia jaribio kati ya freti ya 5 na ya 8, ambapo umbali ni takriban milimita 78. Tofauti hiyo ya sentimita mbili inaeleza kwa nini mtu anaweza kushindwa kabisa na umbo fulani karibu na kichwa cha gitaa na akaliweza bila shida katikati ya shingo.

Sasa shika C ya kawaida. Kidole cha shahada, kilicho kwenye uzi wa 2, kikigusa na kuuzima uzi wa 1, basi ama vidole vyako ni vinene kwa upana wa shingo hiyo, ama vimelala badala ya kusimama. Visimamishe kwa ncha na ujaribu tena. Tatizo likiendelea, chukulia kwamba ni unene.

Angalia pia kiungo cha mwisho cha kila kidole unapobana. Kwa watu wengine kiungo hicho huingia ndani na kupinda kinyume, hasa katika kidole cha pete na kidole kidogo. Mwisho, jaribu kupitisha gumba juu ya shingo hadi liguse uzi wa 6 kwenye freti ya 1. Kama linafika bila kulazimishwa, una nyenzo ambayo wengine hawana.

Andika matokeo kwenye karatasi: ufikiaji mfupi au mrefu, unene, kiungo cha mwisho, gumba, na kidole chochote chenye jeraha au udhaifu. Hayo ndiyo yatakayoongoza uchaguzi wako katika hatua zinazofuata.

## Hatua ya 3: Weka mwili na shingo ya gitaa mahali pake

Mkao hubadilisha ufikiaji wa vidole kuliko zoezi lolote la kunyoosha. Inua kichwa cha gitaa hadi kikaribie usawa wa bega. Unaweza kuliweka gitaa kwenye paja la kushoto na kukanyaga kibao kwa mguu huo, au kuufupisha mkanda. Shingo inapolala chini kama meza, kifundo cha mkono hulazimika kukunjika sana, na kano zinazovuta vidole hufanya kazi zikiwa zimebanwa.

Kwa mwenye vidole vifupi, gumba linapaswa kushuka nyuma ya shingo, katikati au chini kidogo ya katikati, likikabiliana na kidole cha kati. Kila gumba linaposhuka, vidole hupata urefu wa ziada upande wa mbele. Mwenye mkono mkubwa anaweza kuliacha gumba lipande juu, mradi kiganja kisigande kwenye shingo.

Tahadhari: maumivu kwenye ncha za vidole ni ya kawaida kwa anayeanza, na hupungua ngozi inapoota sugu. Maumivu kwenye kifundo cha mkono, kwenye mkono wa chini au kwenye shina la gumba, na vilevile ganzi au mchomo kama wa sindano, si sehemu ya kujifunza. Yakitokea, acha kupiga. Yakirudi baada ya mapumziko, muone daktari kabla ya kuendelea.

Dalili ya mafanikio: unaweza kuondoa gumba kwa sekunde chache na kordi ikaendelea kusikika, ingawa kwa udhaifu, kwa sababu uzito wa mkono nao unasaidia kubana. Ikiwa kila kitu kinaanguka gumba linapotoka, unaminya shingo kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

## Hatua ya 4: Tambua noti zipi zibaki

Hatua hii ndiyo kiini cha kazi yote, na ndiyo ambayo wanafunzi huiruka.

Kordi kuu (kama F) na kordi ndogo (zenye m, kama Am) zina noti tatu tu: ya msingi, ya tatu na ya tano. F kuu ni F, A na C. Sasa chunguza ile F inayotesa watu, 133211. Kuanzia uzi wa 6 hadi wa 1, noti zake ni F, C, F, A, C, F. Yaani F imerudiwa mara tatu, C mara mbili, na A ipo mara moja tu, kwenye uzi wa 3. Mwanafunzi anahangaika na nyuzi sita ili apate noti tatu, na noti moja inayoamua kama kordi ni kuu au ndogo inategemea kidole kimoja, yaani kile cha kati.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata utaratibu wa kupunguza. Kwanza, ondoa noti zilizorudiwa. Pili, ukihitaji kupunguza zaidi, ondoa noti ya tano, kwa maana haibadilishi tabia ya kordi za kawaida. Tatu, usiondoe noti ya tatu, na katika kordi zenye saba, kama B7, usiondoe noti ya saba. Noti ya msingi inaweza kuachwa ikiwa kuna besi au chombo kingine kinachoipiga. Ukiwa peke yako, ibakize.

Mfano mzuri ni B7. Umbo la kawaida, X21202, linatumia vidole vyote vinne. Ukilipunguza kuwa XX120X, unabaki na D kali (D iliyopandishwa nusu toni), A na B, yaani noti ya tatu, ya saba na ya msingi. Vidole viwili vinatosha, noti ya tano pekee ndiyo imeondoka, na sikio linaitambua B7 bila shaka yoyote.

Chukua wimbo unaoufanyia mazoezi sasa, uandike kordi zake zote, na chini ya kila moja uandike noti zake tatu au nne. Kazi hiyo ya nusu saa ina faida kuliko siku nzima ya kubana kwa nguvu.

## Hatua ya 5: Anza na nyuzi tatu nyembamba

Nyuzi za 3, 2 na 1 zinatosha kutoa kordi kamili zenye noti zote tatu:

- C: XXX010, kidole kimoja
- Em: XXX000, bila kidole
- Am: XXX210, vidole viwili
- Dm: XXX231, vidole vitatu
- D: XXX232, vidole vitatu, au viwili kimojawapo kikilala
- F: XXX211, vidole viwili, cha shahada kikilala juu ya uzi wa 2 na wa 1
- Bm: XXX432, vidole vitatu

G inahitaji uzi mmoja zaidi: XX0003 hutoa D, G, B na G kwa kidole kimoja.

Kuna wanaoziona kordi hizi kuwa za watoto. Si kweli. Wapigaji wanaofanya kazi ndani ya bendi hutumia nyuzi tatu au nne kila siku, kwa sababu kordi nene ya nyuzi sita hugongana na besi na kinanda. Zaidi ya hayo, mtu anayepiga XXX211 kwa wakati unaotakiwa anausaidia wimbo kuliko anayeusimamisha wimbo ili apange F nzima.

Dalili ya mafanikio: unapiga wimbo mzima kwa nyuzi hizi, polepole, bila kusimama kwenye mabadiliko ya kordi.

## Hatua ya 6: Chagua vidole kulingana na mkono

### Ufikiaji mfupi

Silaha ya kwanza ni kapo. Katika gitaa la milimita 650, nafasi ya kwanza baada ya kizingiti ina upana wa milimita 36.5, ukifunga kapo kwenye freti ya 3, nafasi ya kwanza inabaki na milimita 31 hivi. Kapo pia inakuwezesha kukwepa kordi ngumu. Wimbo wa F unaweza kupigwa kwa maumbo ya D kapo ikiwa freti ya 3, au kwa maumbo ya C kapo ikiwa freti ya 5. Wimbo wa Bm hupigwa kwa maumbo ya Am kapo ikiwa freti ya 2.

G yenye kunyoosha kutoka uzi wa 6 hadi wa 1 inaweza kupigwa 3X0003. Kidole cha kati hubana uzi wa 6, na nyama ya ubavu wake huugusa uzi wa 5 kwa wepesi ili usitoe sauti. Uzi uliozimwa hivyo ulikuwa unatoa B, na B ipo tayari kwenye uzi wa 2 ulio wazi, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Bm nayo inaweza kubadilishwa na Bm7, X20202, ambayo haihitaji kulaza kidole na katika nyimbo nyingi hukaa vizuri mahali pa Bm. Sikiliza kwanza: noti ya A iliyoongezeka ikigongana na sauti ya mwimbaji, rudi kwenye XXX432.

Gitaa lenye shingo fupi ni suluhisho halali kwa mtu mzima vilevile, na hakuna aibu yoyote ndani yake.

### Vidole vinene

Hapa ushauri unageuka. Kapo iliyosogezwa mbali hupunguza nafasi na kumuumiza mwenye vidole vinene, hivyo ushauri unaomfaa mwenye mkono mdogo usiuchukue bila kupima. Kinachosaidia ni upana wa shingo. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma yana upana wa takriban milimita 43 kwenye kizingiti, ilhali gitaa la klasiki, lile la nyuzi za nailoni, huwa na milimita 52 hivi, na ziada hiyo hugawanywa katika mapengo matano kati ya nyuzi.

Kordi inayowasumbua zaidi ni A, X02220, kwa kuwa vidole vitatu husongamana kwenye freti moja. Weka kidole cha kati kwenye uzi wa 4, cha shahada kwenye uzi wa 3, na cha pete kwenye uzi wa 2. Mpangilio huu unavirudisha vidole katika mshazari, kila kimoja kikipata nafasi, na una faida nyingine kubwa: katika D ya kawaida kidole cha shahada kipo kwenye uzi wa 3 freti ya 2, na katika E kipo kwenye uzi huohuo freti ya 1. Kwa hiyo ukizunguka kati ya A, D na E, kidole cha shahada hakiachi uzi wa 3. Hubaki palepale au huteleza freti moja nyuma.

Unaweza pia kutumia unene kama nguvu. Kidole kipana kinaweza kubana uzi wa 4 na wa 3 kwa pamoja, na kingine kikamalizia uzi wa 2. Au laza kidole kimoja juu ya nyuzi za 4, 3 na 2 na uache uzi wa 1 uzimwe: X0222X ina A, E na C kali, kordi kamili.

### Kiungo cha mwisho kinachopinda

Sogeza kidole karibu zaidi na freti, kwa sababu hapo ndipo nguvu ndogo inatosha, na punguza mbano hadi uzi uanze kukwaruza, kisha uongeze kidogo tu. Ufanye mchezo huo kwenye freti ya 5 ambako nyuzi ni laini zaidi. Kiungo kama hicho kina faida yake pia: kidole cha pete kinachoweza kupinda hulala vizuri juu ya nyuzi za 4, 3 na 2 katika kordi kama B, X2444X, huku uzi wa 1 ukiachwa.

### Gumba refu

Katika F, acha gumba libane uzi wa 6 kwenye freti ya 1, kisha upige 1X3211. Ncha ya gumba huuzima uzi wa 5 yenyewe ikigusa kidogo. Walimu wengine wanalikataza jambo hili. Jimi Hendrix, mpiga gitaa maarufu wa roki aliyekuwa na mikono mikubwa, alilifanya kila mara. Lisipofika bila maumivu, liache.

### Kidole kilichojeruhiwa au kisichofanya kazi

Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi, aliungua mkono wa kushoto katika moto wa mwaka 1928, na vidole vyake vya pete na kidogo havikupona sawasawa. Akajenga upigaji wake juu ya vidole viwili vilivyobaki, akitumia vile vilivyoumia kwa baadhi ya kordi tu. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath ambaye hubana nyuzi kwa mkono wa kulia, alipoteza ncha za vidole viwili kiwandani mwaka 1965. Alijitengenezea vifuniko vya ncha, akatumia nyuzi nyembamba, na baadaye akashusha mtuno wa gitaa.

Kwa vidole viwili unaweza kupata Em (022000), A7 (X02020), E7 (020100), F (XXX211), B7 (XX120X), na D (XX0232) ikiwa cha shahada kitalala juu ya nyuzi tatu za freti ya 2 na cha kati kikabana uzi wa 2 kwenye freti ya 3. Ukiwa na kidole kimoja tu chenye nguvu, tuni gitaa D, G, D, G, B, D: nyuzi wazi zinatoa G, kidole kilicholala kwenye freti ya 5 kinatoa C, na kwenye freti ya 7 kinatoa D.

## Hatua ya 7: Ipande F kwa ngazi

Sasa rudi kwenye kordi iliyokukwamisha, ukiwa na mpango. Kila ngazi ni F halali, na unaweza kubaki kwenye ngazi yoyote.

1. XXX211. Cha shahada hulala juu ya uzi wa 2 na wa 1, cha kati kwenye uzi wa 3.
2. XX3211. Ongeza cha pete kwenye uzi wa 4. Sasa una F ya chini yenye msingi.
3. X33211. Cha pete kinahamia uzi wa 5 na kidole kidogo kinachukua uzi wa 4. Sauti imejaa, na wapigaji wengi hawahitaji zaidi ya hapa.
4. 133211. Cha shahada kinanyooshwa hadi uzi wa 6.

Kwa ngazi ya nne, zingatia jambo moja ambalo michoro haisemi. Kidole cha shahada kinaonekana kubana nyuzi sita, lakini nyuzi za 5, 4 na 3 zimeshabanwa na vidole vingine mbele yake. Kinachodaiwa nacho ni nyuzi za 6, 2 na 1 pekee. Kwa hiyo usikikandamize chote kwa nguvu sawa. Kizungushe kidogo ili kigusane na nyuzi kwa ubavu wake wa nje, ulio mgumu, badala ya sehemu laini ya mbele. Kisha kipandishe au kukishusha milimita chache, ili mikunjo ya viungo iangukie chini ya nyuzi za 5, 4 na 3, ambako haina madhara.

Usianzie freti ya 1. Umbo lilelile likipigwa kwenye freti ya 5, 577655, ni A, na hapo nafasi ni finyu na uzi unakubali kwa urahisi. Likishatoka safi, shuka freti moja kila unapoliweza. Freti ya 1 iko jirani na kizingiti, ambako uzi ni mgumu kuliko mahali pengine popote, na kulianzia umbo hilo hapo ni kuchagua mlango mgumu kuliko yote.

Tahadhari: bana kwa sekunde chache, legeza, pumzika, rudia. Mkono ukichoka, mbinu huharibika na mwili hujifunza makosa.

## Hatua ya 8: Pima mpangilio uliouchagua

Piga uzi mmoja mmoja, polepole, kuanzia mnene. Ukikuta uzi uliokufa, usiongeze nguvu kwanza. Angalia kama kidole jirani kinaugusa, kisha kama kidole kinachoubana kiko mbali na freti, kisha kama gumba limehama. Nguvu iwe ya mwisho kufikiriwa.

Halafu pima mabadiliko, kwa sababu mpangilio unaofaa hutegemea kordi inayofuata. G, 320003, inaweza kushikwa kwa cha kati, shahada na pete, au kwa cha pete, kati na kidogo. Mpangilio wa pili unahitaji kidole kidogo chenye uwezo, lakini ukielekea C, cha pete na cha kati vinashuka kwa pamoja uzi mmoja, vikiwa katika umbo lilelile, na cha shahada kinamalizia. Kama wimbo wako unarudia G na C mara nyingi, usumbufu wa kukifundisha kidole kidogo utalipa. Kama G inafuatwa na kordi nyingine, chagua upande unaokuumiza kidogo.

Weka metronomu (kifaa kinachogonga mapigo sawasawa) kwenye mapigo 60 kwa dakika na ubadilishe kordi kila baada ya mapigo manne. Ukifika kwa wakati nyuzi zote zikiwa hai, shusha hadi mapigo mawili. Mpangilio unaotoka safi ukiwa umetulia lakini ukachelewa kila mara kwenye mabadiliko haukufai katika wimbo huo, hata kama mchoro unausifu. Rudi Hatua ya 4 na upunguze noti nyingine moja.

Ukiupata unaokubali, chora mchoro wako mwenyewe kwenye karatasi ya wimbo, ukiandika namba za vidole vyako. Upime tena baada ya miezi michache, kwani ngozi itakuwa imeota sugu na vidole vitakuwa vimelegea, na mara nyingi umbo lililokataa mwanzoni huwa limekubali. Mpangilio umekamilika pale unapoweza kuucharaza wimbo mzima mara mbili mfululizo, ukitazama mbele badala ya kutazama shingo ya gitaa, na mkono ukabaki bila maumivu hadi kesho yake.